Taa Iliyozibwa: Somo juu ya Breki za ABS kwa Madereva, Mafundi na Wanunuzi wa Magari

Barabara ya Taifa Namba 3, inayotoka Bujumbura kuelekea Rumonge, Nyanza-Lac na mpaka wa Mugina, haimpi dereva nafasi ya kukosea pale inapopita katika tarafa ya Muhuta. Kwa anayekwenda kusini, kushoto kwake ni mlima na kulia kwake ni ziwa. Katikati hapo wanapita watoto wa shule, waendesha baiskeli wenye madumu ya mawese, akina mama wenye mabeseni ya ndagala, na malori ya mizigo. Wakazi wa Gitaza hawajasahau Machi 2015, udongo na mawe viliposhuka kutoka milimani, vikabomoa nyumba na kuikata barabara. Hata leo, mvua kubwa ikinyesha usiku, dereva anaweza asubuhi kukuta tope mahali ambapo jana palikuwa na lami tupu. Akikata kona na kulikuta, kinachobaki ni breki.

Kwa sababu hiyo toleo hili linazungumzia sehemu ya gari ambayo wengi wanaisikia kwa jina lakini wachache wanaishughulikia: mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati breki inapokanyagwa kwa nguvu, ule unaojulikana kwa herufi ABS. Somo linawahusu madereva, mafundi wa gereji za kando ya barabara, na hasa wananchi wanaonunua magari yaliyokwisha kutumika, yawe yameingia kwa njia ya Tanzania au yamevuka kutoka Kongo.

Gari lililofungwa mdomo

Katika ukaguzi mmoja wa kawaida askari alisimamisha gari dogo la abiria. Hati zilikuwa kamili, matairi yalikuwa mazuri. Alimwomba dereva azime injini, kisha azungushe ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kuliwasha gari. Taa ya betri iliwaka, ya mafuta ya injini iliwaka, ya breki ya mkono iliwaka. Ya ABS haikuwaka.

"Afande, hiyo taa haijapata kuwaka tangu nilinunue gari hili," dereva alisema, kwa sauti ya mtu anayelisifu gari lake. "Haijanisumbua hata siku moja."

Alisema kweli, na ukweli wenyewe ndio uliokuwa hatari. Taa ya ABS imewekwa iwake kila mara ufunguo unapozungushwa, ikae sekunde chache, kisha izimike yenyewe. Kuwaka kwake ni kama mlinzi anayeitika anapoitwa jina. Mlinzi asiyeitika ama hayupo, ama amezibwa kinywa.

Gari lilipelekwa kwa fundi mmoja wa makamo, mtu mpole ambaye hugusa kila kitu kwa vidole viwili kabla ya kukishika. Alipofungua dashibodi alikuta kibalbu cha taa hiyo kimeng'olewa na tundu lake limezibwa kwa utepe mweusi. Akatia kibalbu kingine. Taa ikawaka, na haikuzimika tena.

"Mwanangu, umeuziwa gari lililofungwa mdomo," alimwambia dereva.

"Ina maana nimekuwa nikisafirisha watu bila breki, mzee?"

"Breki unazo. Usichokuwa nacho ni kile kinachokusaidia siku ya kuogopa."

Siku ya kuogopa

Maneno ya mzee yule yanahitaji kufafanuliwa. Katika mwendo wa kawaida, dereva anapokanyaga breki polepole kusimama kituoni, ABS haifanyi lolote. Mguu unasukuma pedeli, pedeli inasukuma pistoni ndani ya silinda kuu, umajimaji unapita katika mabomba hadi kwenye magurudumu, na huko pedi zinabana diski au viatu vinabana ngoma. Hivyo ndivyo breki zilivyokuwa tangu enzi za babu zetu, na hivyo ndivyo zilivyo mpaka sasa.

Tofauti hutokea mtoto anapokatiza ghafla. Dereva anakanyaga kwa nguvu zake zote, na gurudumu linaacha kuzunguka kabla gari halijasimama. Tairi lisilozunguka huteleza, na tairi linaloteleza halitii usukani. Dereva anaweza kuuzungusha usukani wote kuelekea kando, na gari likaendelea moja kwa moja kama jiwe lililotupwa. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya yale ya mbele, gari hugeuka kichwa nyuma.

ABS inazuia hilo. Karibu na gurudumu kuna sensa inayosoma kasi ya kuzunguka kwake. Habari hizo huenda kwenye kompyuta ndogo. Kompyuta ikiona gurudumu moja linapungua mwendo haraka kupita mengine, inajua kwamba linakaribia kujifunga. Hapo huamuru vali za umeme, zilizomo katika kifaa kinachogawa umajimaji, zifunge njia ya shinikizo kwa gurudumu hilo. Ikibidi, zinafungua njia nyingine ili shinikizo lipungue. Gurudumu likianza tena kuzunguka vizuri, shinikizo linarudishwa. Pampu yenye mota yake inaurudisha umajimaji ulioachiliwa. Yote hayo hufanyika mara nyingi ndani ya sekunde moja, haraka kuliko mguu wa dereva hodari yeyote. Mercedes-Benz ilianza kuuza magari yenye mfumo wa namna hii uliotengenezwa na Bosch mwaka 1978, na leo hata gari dogo linaloingia kwetu kutoka Japani huwa nao.

Madereva waliofundishwa zamani waliambiwa wakanyage na kuachia, wakanyage na kuachia. Ushauri huo ulikuwa sahihi kwa magari ya wakati ule. Katika gari lenye ABS ni makosa, kwa maana dereva anayeachia pedeli anaipokonya kompyuta shinikizo inalolihitaji. Kanyaga kwa nguvu, usiachie, na uongoze usukani kuelekea mahali palipo wazi. Mfumo unapofanya kazi pedeli hutetemeka chini ya mguu na sauti ya kukwaruza husikika mbele. Madereva wengi wanaposikia hivyo kwa mara ya kwanza hudhani gari limeharibika, wakauondoa mguu katika sekunde ileile ambayo hawakupaswa kuuondoa.

Mambo mawili ABS haiwezi. Haiwezi kupunguza mwendo uliokwisha kuuchagua: gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde, na sekunde ya kwanza mara nyingi hupotea kabla mguu haujafika kwenye breki. Pia haiwezi kuumba mshiko usiokuwapo. Penye tope, au pale mawese yaliyovuja kutoka kwenye dumu yamechanganyika na mvua ya kwanza, gari litachukua nafasi ndefu kusimama. Juu ya changarawe nafasi hiyo inaweza hata kuwa ndefu kuliko ya gari lisilo na ABS, kwa sababu gurudumu lililojifunga hulundika kokoto mbele yake na kuzuiwa nazo. Faida inayobaki ni kwamba bado unaweza kulielekeza gari.

Jambo hili lina uzito zaidi kila barabara inapoboreshwa. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa pamoja kati ya Burundi na Tanzania: kilomita 45 za Rumonge hadi Gitaza upande wetu, na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Kigoma. Lami nzuri huleta biashara, nayo huleta pia mwendo wa kasi na magari mageni. Dereva anayevuka mpaka pale Mugina hubadilisha hata upande wa kuendeshea, kwa kuwa Burundi tunapita kulia na Tanzania wanapita kushoto. Kwa siku za kwanza macho yake hutazama upande usio sahihi, na breki za ghafla huwa nyingi.

Taa mbili, habari mbili

Taa ya ABS kwa kawaida ni ya rangi ya njano. Ikiwaka peke yake na kukaa, maana yake ni kwamba kompyuta imeona kasoro na imejiondoa kazini. Breki za kawaida zipo. Endesha polepole, acha nafasi kubwa mbele yako, na umwone fundi mapema.

Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine. Kwanza hakikisha hukusahau breki ya mkono. Kama haikuwa hiyo, yamkini umajimaji umepungua au shinikizo limepotea. Simama mahali salama, na usiendelee mpaka sababu ijulikane. Taa zote mbili zikiwaka pamoja ni vibaya zaidi, kwani katika magari mengi kompyuta hiyohiyo ndiyo inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ikishindwa, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza, nasi tumekwisha kueleza yanayofuata.

Wako wauzaji wajanja kuliko yule wa utepe mweusi. Wanaunganisha waya wa taa ya ABS na taa ya betri au ya mafuta ya injini, ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja injini inapoanza. Kwa hiyo mnunuzi asiangalie tu kama taa inawaka. Aangalie inazimika lini. Katika magari mengi taa ya ABS hushika sekunde zake chache na kuzimika hata kama injini haijawashwa, wakati taa ya betri hubaki ikiwaka mpaka injini izunguke. Taa mbili zinazozimika kwa pamoja, kila mara, kama pacha, zinastahili kutiliwa shaka. Mashine ya kusoma hitilafu, ambayo mafundi wengi wa umeme wa magari wanayo sasa, itamaliza ubishi: ikiwasiliana na kompyuta ya ABS itataja kasoro iliyohifadhiwa, isipoweza kuwasiliana nayo kabisa, hilo lenyewe ni jibu.

Kasoro hukaa wapi

Jambo la kufurahisha ni kwamba mara nyingi kasoro haimo katika kifaa ghali. Imo gurudumuni, kwenye matope. Ncha ya sensa hukusanya vumbi la chuma kutoka kwenye diski na pedi. Waya wake, unaopinda kila usukani unapozungushwa, hukatika ndani huku ngozi yake ikionekana nzima. Pete yenye meno inayosomwa na sensa hushika kutu, huvimba au hupasuka. Plagi huingia maji, hasa kwa magari yanayooshwa ziwani kwa kuingizwa mpaka magurudumu yazame, desturi ambayo tungependa ikome kwa sababu nyingine nyingi pia. Betri dhaifu nayo huwasha taa hiyo. Hata matairi yenye vipimo tofauti huichanganya kompyuta, kwa sababu tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa, nayo hudhani gurudumu moja linateleza.

Fundi aanze na macho, kisha mashine, kisha kipimo cha umeme. Ang'oe sensa kwa upole; iliyoshikwa na kutu haitolewi kwa nyundo. Asafishe ncha kwa kitambaa, si kwa msasa. Waya akiukuta umekatika, asiusokote na kuufunga kwa mkanda wa plastiki mahali penye maji na mtikisiko: kiungo hicho kitadumu hadi mvua ya kwanza.

Beringi inahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapo mafundi wazuri hukosea. Katika magari mengi ya kisasa pete ya meno haipo. Badala yake, upande mmoja wa beringi ya gurudumu una utepe wa sumaku usioonekana kwa macho, na sensa husoma sumaku hiyo. Kwa kutazama tu, pande mbili za beringi zinafanana. Ikipachikwa kinyume, gurudumu litazunguka vizuri, halitalia, mteja ataridhika, ila sensa haitaona kitu. Kabla ya kuipachika, chukua kibanio chepesi cha karatasi ukisogeze kila upande: upande unaokivuta ndio wenye sumaku, na ndio unaopaswa kuielekea sensa. Usiigonge beringi hiyo kwa nyundo upande wa sumaku, wala usiilaze kwenye meza yenye vumbi la chuma.

Jina linalopotosha

Sasa tufike kwenye umajimaji. Kiswahili chetu kimezoea kuuita mafuta ya breki, na jina hilo limeharibu magari mengi, kwa sababu mtu akisikia mafuta hudhani kwamba mafuta yoyote yatafaa. Mafuta ya breki si mafuta. Yametengenezwa yasidhuru mipira maalumu iliyo ndani ya silinda na vali. Ukimimina humo mafuta ya injini au ya usukani, hata kidogo, mipira hiyo huvimba na kulainika. Breki zitashika asubuhi, na mchana zitakataa kuachia au zitapotea. Gari lililomiminiwa mafuta ya namna hiyo haliponi kwa kumwaga na kujaza upya tu: mipira yote iliyoguswa hubadilishwa, na mara nyingi kifaa cha ABS nacho.

Lingine ni maji ya sabuni. Tunajua kwamba njiani, mbali na duka, wapo wanaojaza maji ya sabuni ili wafike. Hatutaki kumdharau mtu aliyekwama usiku akiwa na abiria. Lakini maji huchemka kwa nyuzi 100, na breki zinazoteremka mlima hupita joto hilo kwa urahisi. Pia huzaa kutu ndani ya vali ambazo njia zake ni nyembamba kama sindano. Gari lililofanyiwa hivyo livutwe, lisiendeshwe.

Hata umajimaji mzuri huzeeka. Hunyonya unyevu wa hewa polepole kupitia mipira na kifuniko, na kadiri unavyonyonya ndivyo unavyochemka mapema. Kwa viwango vinavyotumiwa duniani, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Tafakari basi gari lililojaa abiria likiteremka kutoka Bururi hadi Rumonge, zaidi ya mita 1,000 kutoka juu hadi usawa wa ziwa, dereva akiwa ameweka mguu kwenye breki kila kona. Umajimaji unachemka, mvuke unatokea katika bomba, na mvuke hubonyea. Pedeli inazama mpaka sakafuni. Gari likipoa, breki zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na dereva aliyenusurika huenda hata asiaminiwe. Dawa ni mbili: kuteremka kwa gia ndogo, na kubadilisha umajimaji wote kila baada ya miaka miwili, au kama kitabu cha gari kinavyoagiza.

Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya gari. Aina iitwayo DOT 5, ambayo ni ya silikoni, usiitie katika gari lenye ABS. Isichanganywe na DOT 5.1, ambayo ni ya ukoo mmoja na DOT 3 na 4 ingawa majina yanakaribiana. Nunua kopo lililofungwa. Lililokaa wazi rafuni kwa miezi limekwisha kunywa unyevu wa ziwa.

Kutoa upepo na kazi nyingine za umajimaji

Kabla ya kufungua chochote, osha eneo la kifuniko. Chembe moja ya mchanga ikiingia katika vali ya ABS inaweza kuifanya isifunge, na vali hizo hazifunguliwi kusafishwa gerejini. Zima swichi kabla ya kuchomoa plagi ya kompyuta ya ABS.

Magari mengine makubwa, yakiwemo baadhi ya yale ya milimani yanayopendwa na mashirika, yana chombo kinachohifadhi shinikizo kubwa la umajimaji hata injini ikiwa imezimwa. Fundi akilegeza nati ya bomba bila kujua, umajimaji utaruka kwa nguvu ya kumpofua. Soma kitabu cha gari husika. Kwa kawaida swichi huzimwa, kisha pedeli hukanyagwa mara nyingi, 40 au zaidi kwa baadhi ya magari, mpaka iwe ngumu, ndipo kazi ianze. Hapo vaa miwani.

Wakati wa kubadilisha pedi, fundi huisukuma pistoni irudi ndani ili pedi mpya zienee. Akiisukuma huku kila kitu kimefungwa, uchafu uliokaa nyuma ya pistoni kwa miaka hurudi juu hadi kwenye vali za ABS. Afungue nati ya kutolea upepo, atie mpira mwembamba, aisukume pistoni uchafu utoke nje kupitia hapo, kisha aifunge nati. Ni dakika tano tu, nazo huokoa kifaa ambacho bei yake inaweza kumshinda mwenye gari.

Kutoa upepo kwenyewe kunafahamika: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nati, umajimaji unatoka na povu lake, nati inafungwa kabla pedeli haijaachiwa. Fuata mpangilio wa magurudumu uliotajwa na mtengenezaji. Chupa isiachwe ikakauka, la sivyo upepo utaingia upya. Katika gari la zamani weka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike mwisho, kwa sababu sehemu ya silinda kuu isiyotumika kila siku huwa na kutu inayochana mipira. Umajimaji uliotoka usirudishwe, hata kama unaonekana safi. Ukimwagikia rangi ya gari, uoshe mara moja kwa maji mengi.

Ikiwa kifaa cha ABS chenyewe kilifunguliwa mabomba yake, au chupa ilikauka kabisa, upepo unaweza kubaki ndani ya vali ambazo hazifunguki kwa kukanyaga tu. Pedeli itakuwa laini ijapokuwa umetoa upepo mara kumi. Hapo inahitajika mashine ya kuiamuru kompyuta ifungue vali na kuendesha pampu. Fundi asiyekuwa nayo amwelekeze mteja kwa mwenye nayo. Kufanya hivyo hakumpunguzii heshima.

Wachomeleaji nao wana fungu lao hapa. Umeme wa kuchomelea unaweza kuiua kompyuta ya ABS. Toa waya wa betri, na uchomoe plagi ya kompyuta, kabla ya kuchomelea bodi.

Mkononi mwa muuzaji

Kifaa cha ABS kilichong'olewa kwenye gari lililoharibika si lazima kikataliwe, kwani kipya ni ghali. Lakini namba zilizoandikwa juu yake zilingane na za kile cha zamani, herufi kwa herufi. Vifaa viwili vinavyofanana sura vinaweza kuwa na programu tofauti. Magari mengine huhitaji kompyuta itambulishwe upya kwa mashine. Daima omba risiti yenye jina la muuzaji. Asiyetaka kuandika risiti huenda anauza kilichong'olewa usiku kwenye gari la jirani yako.

Anayenunua gari alione mchana, azungushe ufunguo mwenyewe, ahesabu taa, afungue chupa ya breki na kutazama rangi yake. Umajimaji mweusi kama chai ya rangi unaonyesha matunzo yalivyokuwa. Atazame mabomba karibu na magurudumu: zipo gari ambazo bomba la gurudumu moja limepondwa na kukunjwa ili uvujaji ukome, na mwenye gari amesahau au anajifanya amesahau. Ukaguzi wa kiufundi wa OTRACO una kazi yake, lakini cheti husema gari lilikuwaje siku ile.

Kuhusu sisi polisi, yafaa wananchi wajue jambo moja la uchunguzi wa ajali. Zamani alama nyeusi za matairi zilitueleza dereva alianza kukanyaga breki wapi. Gari lenye ABS nzima huacha alama hafifu, au haliachi kabisa. Kwa hiyo shahidi asiseme, na umati usihukumu, kwamba dereva hakufunga breki kwa kuwa barabarani hakuna alama. Mara kadhaa hasira ya watu imepanda juu ya msingi huo usio sahihi. Kinyume chake, alama ndefu za tairi zilizoachwa na gari ambalo lilitengenezwa likiwa na ABS zitatufanya tuulize mfumo huo uliharibika lini, na nani alijua.

Dereva tuliyeanza naye alirudi kwa mzee baada ya siku mbili. Mashine ilitaja gurudumu la nyuma la kushoto. Sensa ilikuwa nzima, waya ulikuwa mzima. Beringi ilikuwa mpya, na ilikuwa imepachikwa kinyume. Aliyeiweka hakuelewa kwa nini taa imewaka, na badala ya kuuliza aliing'oa taa. Beringi iliyokwisha kukandamizwa haifai kugeuzwa na kutumika tena, hivyo ilinunuliwa nyingine. Taa ikawaka sekunde chache na kuzimika.

Kisha mzee akampeleka kwenye uwanja wa udongo usiokuwa na watu, akamwambia aende kilomita 30 kwa saa na akanyage breki kwa nguvu zote. Pedeli ilipotetemeka, dereva aliruka kitini na kuuondoa mguu. Mzee akacheka, akamwambia arudie. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu hakuuondoa.